Mchoraji wa Kasri Aliyeacha Kutia Sahihi

SWALI: Mhariri, jumba la makumbusho la Prado la Madrid linaitaja picha ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyevaa nguo nyeusi na kushika rozari, kuwa kazi ya Sofonisba Anguissola. Kitabu changu cha zamani kinasema ni ya Alonso Sánchez Coello. Nimwamini nani?

JIBU: Ndugu msomaji, liamini jumba la Prado, ingawa kosa la kitabu chako linaeleweka. Sánchez Coello ndiye aliyekuwa mchoraji rasmi wa mfalme, na picha isiyo na sahihi ilihesabiwa kwa urahisi kuwa yake.

Sofonisba, mzaliwa wa Cremona nchini Italia, hakuwa mtu wa kuficha jina. Katika picha aliyojichora mwaka 1554, ambayo sasa iko Vienna, ameshika kijitabu kilichofunguliwa, na ndani yake ameandika kwa Kilatini jina lake, kwamba ni mwanamwali, na kwamba amejichora mwenyewe. Baba yake, Amilcare, aliyekuwa na mabinti sita na mwana mmoja, alimpeleka kujifunza kwa mchoraji Bernardino Campi, jambo lisilo la kawaida kwa binti wa ukoo wa kiungwana.

Uungwana huohuo ndio uliomfunga mikono. Alipofika Hispania, mwaka 1559 ukielekea kwisha, alipewa cheo cha mwandani wa Malkia Elisabeth wa Valois, mke wa Philip, na pia akawa mwalimu wa malkia huyo wa kuchora. Mwanamke wa hadhi hiyo hakuuza kazi ya mikono yake kama fundi, kwa hiyo badala ya malipo ya kila picha alipata posho na zawadi za thamani. Na kwa kuwa picha za kasrini hakuzitia sahihi, wala hapakuwa na hati za malipo za kumtaja, waliokuja baadaye walikosa pa kumshikia. Kwa maoni yangu, heshima hiyo ilimgharimu kuliko dharau.

Malkia alifariki mwaka 1568, naye Sofonisba akaolewa na mwungwana wa Sicilia mwaka 1573, akawa mjane, kisha akaolewa tena na nahodha Orazio Lomellini. Mwaka 1624, mchoraji Anthony van Dyck alimtembelea Palermo, akamchora daftarini na kuandika kando maneno ya bibi huyo, ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofika: alimwomba asiuweke mwanga juu mno, vivuli visije vikakuza makunyanzi yake.