Kabla ya kuongeza volteji, angalia mwisho wa kebo

Mtu akiona mapigo ya fotomaltiplaya (mrija unaogeuza mwanga hafifu kuwa mapigo ya umeme) ni madogo kwenye osiloskopu, haraka haraka anaongeza volteji. Nimeshughulika na vigunduzi hivi kwa muda mrefu, na kila ninapoulizwa huanza na jambo moja: kebo ya anodi, yaani ile inayotoa mapigo kwenye mrija, inaishia kwenye ukinzani wa omu ngapi?

Tupige hesabu. Kristali ya sodiamu ayodaidi yenye thaliamu, inayong'aa ikipigwa na mionzi mbele ya mrija, hutoa takriban fotoni (chembe za mwanga) 38 kwa kila keV, kipimo cha nishati ya mionzi. Gamma ya sesiamu-137, keV 662, ikimezwa yote inazaa fotoni kama 25,000. Tuseme fotokatodi, uso wa mrija unaopokea mwanga, itoe elektroni 5,000, na daynodi, bamba za ndani ya mrija, zizizidishe mara milioni. Anodi inapokea nanokulombu 0.8 hivi. Nishati ya gamma imebebwa na chaji hiyo, na ndiyo unayopaswa kuipima.

Mwanga wa kristali hii hufifia kwa nanosekunde 230 hivi, kwa hiyo kwenye omu 50 utaona pigo jembamba la milivolti 170 hivi, limekwisha ndani ya mikrosekunde moja. Sasa ondoa omu 50, ubaki na omu milioni moja za osiloskopu na kebo ya mita mbili, yenye pikofaradi 200 hivi. Chaji ile ile inapanda karibu volti 4, kisha inashuka polepole kwa mikrosekunde 200. Maji ni yale yale, ila safari hii pipa lina tundu dogo.

Ukitaka kujua wakati halisi wa tukio, mathalani unalinganisha vigunduzi viwili, baki na omu 50. Ukisoma spektra (mchoro wa idadi ya mapigo kwa kila nishati) kwa kadi ya sauti ya kompyuta, pigo jembamba halikufai: kadi inayochukua sampuli 48,000 kwa sekunde ina pengo la mikrosekunde 21 kati ya sampuli na sampuli. Hapo refusha pigo hadi mikrosekunde 100 hivi. Lakini angalia wingi wa mionzi. Mkia ukiwa mikrosekunde 200 na mapigo yakifika 1,000 kwa sekunde, karibu moja kati ya matano litaangukia mkia wa lililotangulia, na spektra itachafuka.

Volteji nayo ina gharama. Kwa mrija wa daynodi 10, ikipanda asilimia 1 ukuzaji hupanda kama asilimia 7, na kilele cha 662 kinahamia karibu na 708. Kwa hiyo nunua chanzo kilichotulia kabla ya kutamani chenye volti nyingi. Tena pigo letu lilikuwa na mkondo wa miliampia 3 na zaidi, wakati mnyororo wa rezista unaogawia daynodi volteji, wa megaomu 10 kwa volti 1,000 unapitisha miliampia 0.1 tu. Weka kapasita za nanofaradi 10 kwenye daynodi tatu za mwisho, la sivyo mapigo makubwa yatabanwa. Kapasita hizo hubaki na umeme hata ukizima. Zipe muda kabla ya kugusa. Na volteji ikiwa juu, mrija usione mwanga wa chumbani hata kidogo.

Kusawazisha kipimo cha nishati, mfuko mdogo wa mbolea ya kloridi ya potasiamu unatosha: potasiamu-40 hukupa kilele cha keV 1,461. Upime asubuhi, urudie mchana chumba kikishapata joto. Kilele kikihama, sahihisha kipimo kwanza ndipo uweke sampuli yako.