Kabla hujaandika "amerithi", uliza ni seli ipi

Kamwene, wadogo zangu. Nawaandikia ninyi mlioanza mwaka wa kwanza wa baiolojia hapa Iringa, mliopanga vyumba Kihesa na bado mnaulizana kama sweta moja litatosha. Kuna mada moja ambayo wengi huidharau kwa kuwa inaonekana nyepesi: jinsi retrovirusi vinavyogeuka kuwa sehemu ya urithi wa panya. Mimi iliniangusha. Tuliulizwa kwenye jaribio mtoto wa panya anapataje kirusi ambacho mama yake alikuwa nacho. Nikaandika kwa kujiamini kwamba amekirithi kupitia damu ya mama. Karatasi ilirudi na sifuri, na pembeni mwalimu ameandika maneno mawili kwa wino mwekundu: "Seli ipi?"

Maneno hayo mawili yamenifundisha kuliko daftari zima, ndiyo maana nayaleta kwenu.

Anzeni na kirusi chenyewe. Retrovirusi hubeba maagizo yake katika RNA, molekuli inayofanana na DNA. Kikiingia kwenye seli, kimeng'enya chake, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia, huinakili RNA hiyo kuwa DNA, ile inayohifadhi jeni, kinyume na njia tuliyofundishwa sekondari ya DNA kwenda RNA. Kimeng'enya hicho kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake, na mwaka 1975 wakapewa Nobel. Kisha kimeng'enya kingine hukata kromosomu ya seli, yaani uzi wa DNA unaobeba jeni zake, na kuishona humo DNA ya kirusi. DNA iliyoshonwa hivyo ndiyo tunaiita provirusi. Tangu hapo kila seli hiyo inapogawanyika, provirusi hunakiliwa pamoja na jeni nyingine zote, kama mgeni aliyekwisha kuandikwa kwenye daftari la ukoo.

Hapo ndipo nilipojikwaa, nikadhani kwa kuwa imeshonwa kwenye kromosomu basi imerithiwa. Mfikirieni shangazi yangu wa Ilula. Akivuna huchagua mahindi ya mbegu, anayaning'iniza jikoni juu ya moshi. Jani la mhindi likiliwa na viwavi, mbegu ya mwakani haina habari. Kinachofika shambani mwaka ujao ni kile tu kilichomo ndani ya kiini cha punje. Panya naye ni hivyo hivyo. Provirusi ikishonwa kwenye seli ya damu, ya ini au ya ngozi, itakufa na panya huyo. Ili iwe urithi ni lazima iingie kwenye seli itakayozaa yai au mbegu ya kiume, au kwenye kiinitete kichanga ambacho seli zake hazijagawana kazi.

Sasa chukueni karatasi mchore panya wa aina mbili. Usisome sehemu hii bila penseli, utadhani umeelewa. Mwaka 1936 John Bittner alionyesha kwamba panya wa ukoo wenye saratani nyingi ya matiti wakinyonyeshwa na mama wa ukoo mwingine, saratani hupungua sana. Kumbe kitu kilikuwa kwenye maziwa, na baadaye kikatambulika kuwa ni retrovirusi. Panya wa ukoo wa C3H hupitishiana kirusi hicho kwa kunyonyesha, na ukimhamisha mtoto mapema unaikata njia. Lakini wapo panya wa ukoo wa GR ambao kirusi cha jamii ileile kimeshonwa kwenye kromosomu za seli zao za uzazi. Hao hata ukiwahamishia watoto kwa mama mwingine saa ileile ya kuzaliwa, hujafanya kitu, na baba pia huwapitishia watoto wake. Kirusi ni cha jamii moja, ila njia ni mbili. Nikisahihisha kazi za wadogo zangu, swali langu la kwanza siku zote ni hili: je, baba peke yake anaweza kukipitisha? Baba hanyonyeshi wala habebi mimba. Kama watoto wanakipata kwake na nusu yao wanacho na nusu hawana, kama Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, alivyosema, unatazama urithi.

Jaribio lililoniondolea ukungu kabisa ni la Rudolf Jaenisch, alipokuwa Salk Institute kule California. Matokeo aliyachapisha mwaka 1976. Alichukua viinitete vya panya vyenye seli 4 hadi 8 tu, akaviambukiza kirusi cha leukemia (saratani ya damu) ya panya kiitwacho Moloney, akavipandikiza kwenye mama. Kirusi hicho hakikuwa urithi wa panya wale, kilitoka nje. Waliozaliwa walikuwa na kirusi katika baadhi ya seli tu. Ikatokea kwamba dume mmoja alikuwa nacho hadi kwenye seli za uzazi, akakipitisha kwa watoto, na kuanzia hapo kikawa kinatembea kizazi hadi kizazi kama jeni yoyote. Binadamu ameshuhudia kwa macho yake maambukizi yakigeuka kuwa ukoo. Mimi kila nikilirudia jaribio hili husisimka.

Tazameni hilo neno "baadhi ya seli", mtihani unapenda kujificha hapo. Kirusi kikiingia kiinitete kikiwa tayari na seli kadhaa, panya anayezaliwa ni mchanganyiko: seli nyingine zinacho, nyingine hazina. Kwa hiyo panya wa kwanza anaweza kupitisha provirusi kwa watoto wachache kuliko nusu. Ile nusu kamili huanza kuonekana kwa watoto wake, ambao kila seli yao inayo. Mkikuta swali lenye watoto 3 kati ya 20, msikimbilie kusema Mendel amekosea.

Wala si lazima awepo mtaalamu na sindano. Mwaka 1985 Nancy Jenkins na Neal Copeland walieleza panya chotara wa koo za SWR/J na RF/J, ambao majike yao huwa na virusi tele damuni, na watoto wa majike hayo wakakutwa na provirusi mpya kwenye kromosomu, mahali ambapo mama hakuwa nayo.

Provirusi ikitua vibaya huharibu jeni. Manyoya yaliyopauka ya panya wa ukoo wa DBA yanatokana na provirusi iliyoingia kwenye jeni mojawapo ya rangi. Mara chache huchomoka, rangi ikarudi, ikabaki ncha yake moja tu kwenye kromosomu kama kovu. Nyingi hunyamazishwa na seli, na baada ya muda mrefu huharibika zikabaki magofu. Magofu ya namna hiyo ni karibu asilimia 10 ya jenomu, yaani DNA yote, ya panya, na kwetu binadamu ni karibu asilimia 8.

Hiyo asilimia 8 ndiyo itakayowaletea maswali nyumbani. Mikoa yetu, Njombe, Iringa na Mbeya, imebeba mzigo mkubwa wa VVU, na VVU ni retrovirusi. Mtu akisikia mnasoma kwamba retrovirusi hurithiwa, ataogopa, na ana haki. Mjue jibu kabla ya kufungua mdomo. VVU hushambulia hasa seli za kinga za CD4. Mtoto hukipata akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya, yaani kwa kuambukizwa kama panya wa C3H, si kwa kurithi, na njia hiyo huzibika: bila hatua yoyote hatari ni asilimia 15 hadi 45, lakini mama akitumia dawa vizuri hushuka chini ya 5. Nawaomba sana msiseme mtoto "amerithi virusi". Kwa panya mtapoteza alama. Kwa watu, neno hilo humfanya mama aone dawa haina maana.

Likizo iliyopita nilimweleza shangazi haya yote tukipukuchua mahindi, bila neno hata moja la Kiingereza. Hapo ndipo nilipojua kama nimeelewa. Akanyamaza, akaokota punje moja, akaikata kwa ukucha mpaka kiini kikaonekana.

"Kwa hiyo yule mama jirani, hiki chake hakijaguswa?"

"Hakijaguswa, shangazi."

"Basi kesho twende ukamwambie wewe mwenyewe."