Jibu: Nani analipia mbwa wa mitaani Istanbul?

Mkuu, umeuliza kama mbwa wa mitaani kule Istanbul wanatunzwa kwa pesa za serikali kuu au za wafadhili. Kisheria ni mzigo wa manispaa. Tangu 2004 utaratibu ulikuwa huu: mbwa anakamatwa, anahasiwa, anachanjwa dhidi ya kichaa, anawekewa alama sikioni, kisha anarudishwa mtaa aliotoka. Ndiyo maana unamkuta kajilaza mlangoni pa duka na hakuna anayemfukuza.

Mwaka 2024 bunge la Uturuki likageuza mambo: mbwa akishakamatwa abaki kwenye kituo cha kutunzia mbwa hadi apate wa kumchukua. Manispaa za majiji makubwa zitenge asilimia 0.3 ya bajeti, nyingine 0.5, na vituo viwe tayari kufikia mwisho wa 2028. Meya akipuuza anaweza kufungwa.

Sasa hapo ndipo hesabu inapogoma. Makadirio ya serikali yenyewe yalikuwa mbwa milioni 4, wakati vituo vyote nchini vilikuwa na nafasi kama 105,000. Na jengo unalijenga mara moja tu. Chakula, dawa, daktari na wasafishaji ni kila siku ya Mungu.