Jibu: Tamthilia ya Kichina ya watelezaji barafuni

Dada, hiyo uliyoona vipande vyake ukashindwa kuipata jina ni Skate Into Love, ya 2020, vipindi 40. Ila hapo pa "mvulana alikuwa akimwonea msichana shuleni" umegeuza. Tang Xue (anaigizwa na Janice Wu) ndiye aliyekuwa mbabe wa darasa, na Li Yubing, aliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyekiona cha moto. Wanakutana tena chuoni, huyo Li Yubing keshakuwa nyota, anataka kulipiza kisasi. Mengine jionee.

Umeuliza pia kama wote wanacheza mchezo mmoja. Hapana. Li Yubing anacheza mpira wa magongo wa barafuni. Tang Xue ni wa mbio za kasi za njia fupi, zile ambazo wanazunguka njia ya mita 111 hivi kwa mzunguko, wanalala kwenye kona mpaka mkono unagusa barafu. Si mchezo wa kubuni ili kupamba mapenzi. China ilipata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi humo humo, Yang Yang, mita 500, mwaka 2002.

Na jina la Kichina ni utamu mtupu: Bing Tang Dun Xue Li, yaani pea zilizochemshwa taratibu kwa sukari mawe, kitu Wachina wanachokunywa wakikohoa. Sasa chomoa Bing, Tang, Xue na Li, uone majina ya nani yamefichwa ndani ya sufuria.