Kishikwambi kitoke, laptopu ibaki mezani

Mwenye laptopu akiongeza kishikwambi, au aliyeanza na kishikwambi akinunua laptopu, mara nyingi huishia na kazi nusunusu. Orodha ya jana ipo huku, marekebisho ya leo yapo kule, na risiti zimezama WhatsApp. Chanzo huwa kimoja: vifaa vyote viwili vimepewa kazi ileile. Kwa Mwanza, ambako siku moja inaweza kukuanzisha Kirumba, ikupitishe Igoma na ikumalizie kwenye meli ya Nansio, mgawanyo unaodumu ni huu: kishikwambi kinatoka na kukusanya, laptopu inabaki na kumalizia.

Kukusanya ni kile unachokifanya umesimama. Kupokea dagaa soko la Mwaloni, kuhesabu magunia, kupiga picha hati ya mzigo, kuita mahudhurio darasani, kujaza dodoso nyumba kwa nyumba. Sensa ya Agosti 2022 iliendeshwa kwa vishikwambi, na faida yake inaeleweka: jibu likiingia pale mlangoni, hakuna karatasi inayosubiri kuchapwa upya. Mfumo wa aina hiyo unaweza kuupata bure kwa matumizi madogo kupitia KoboToolbox, programu ya kutengeneza na kujaza fomu. Fomu unaitengeneza kwenye laptopu, unaipakua kwenye kishikwambi ukiwa na mtandao, halafu unaijaza hata mahali pasipo na mnara. Ukirudi kwenye mtandao unatuma. Jambo moja la kuzingatia: kisanduku cha kilo kiwe cha namba tupu. Ukikiacha kipokee maandishi, huyu ataandika "25kg", yule "25 na nusu", na laptopu haitajumlisha chochote.

Mwaloni kuna shida nyingine. Kioo cha kishikwambi kinamtambua mtu kwa umeme mdogo wa ncha ya kidole, na maji yanakichanganya. Mikono ikiwa na maji na utelezi wa samaki, unabonyeza 4 inaandika 7. Kukifuta kila mara hakusaidii kitu. Kiweke ndani ya kava angavu lisilopitisha maji. Kidole kikavu au kilichopanguswa kwenye kitambaa kinafanya kazi vizuri juu ya plastiki nyembamba. Jua la saa sita nalo linaua maandishi, kwa hiyo tumia mandhari nyeupe, si nyeusi, na uongeze mwanga hadi mwisho. Ujue tu kwamba mwanga huo unakula chaji haraka.

Sasa yale ya kutokulazimisha kishikwambi. Excel ya Android inafungua jedwali na kuandika ndani yake, lakini makro (amri zinazofanya kazi za kurudia zenyewe) hazifanyi kazi, na kuchagua safu 300 kwa kidole ni adhabu. SPSS, programu ya kuchambua takwimu, haina toleo la Android kabisa, jambo ambalo wanafunzi wengi hulijua wakiwa wameshanunua. Tasnifu yenye tanbihi, jedwali la yaliyomo na namba za kurasa zinazobadilika ni kazi ya laptopu. Kibodi ya Bluetooth inaongeza kasi ya kuchapa, lakini haiongezi uwezo wa programu iliyomo.

Kwenye mafaili ndiko watu wanakopotezea muda mwingi. Kila faili liwe na kifaa kimoja tu kinachoruhusiwa kuliandika, kingine kilisome. Ukifungua faili lilelile la OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) kwenye vifaa vyote viwili bila mtandao na kubadilisha kotekote, mtandao ukirudi utajikuta na nakala mbili, kila moja ikiwa na ukweli wake. Kuziunganisha kwa macho, mstari kwa mstari, kunaweza kula jioni nzima.

Folda tatu zinatosha. Ya kwanza iite Yanayoingia: humo kishikwambi kinatupa picha, skani na fomu. Ya pili ni Kazi, ambayo inakaa kwenye laptopu na kishikwambi hakiigusi. Ya tatu ni Ya Kusoma, yenye nakala za PDF za bei, ratiba na mikataba ambazo kishikwambi kinazibeba. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-11-03 risiti ya barafu. Hapo yatajipanga yenyewe kwa tarehe. Ukianza na siku, tarehe 3 za miezi yote zitakaa pamoja, na utazitafuta.

Kuhamisha hakuhitaji bando. Quick Share inapeleka mafaili kati ya Android na Windows vikiwa jirani. Programu ya LocalSend nayo inafanya hivyo vifaa vikiwa kwenye hotspoti moja ya simu, hata simu hiyo ikiwa haina bando. Ukitumia flashi, ifomati kwa exFAT, mmoja wa mipangilio ya kuhifadhi mafaili. Vishikwambi vingi havisomi NTFS, na FAT32 inakataa faili linalozidi GB 4. Kama waya wa USB unachaji tu na laptopu haioni kitu, fungua taarifa ya USB kwenye kishikwambi uchague kuhamisha mafaili. Bado kimya? Badilisha waya, maana nyaya nyingi za bei rahisi hazina nyuzi za data. Na kama ni lazima upitie WhatsApp, tuma risiti kama hati. Ukiituma kama picha inabanwa, na tarakimu ndogo zinakuwa ukungu.

Umeme nao una hesabu yake. Pawabenki ya mAh 20,000 ina takriban Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati), yaani Ah 20 mara volti 3.7. Baada ya upotevu, kinachofika kwenye kifaa ni kama Wh 50 hadi 60. Kishikwambi cha inchi 10 chenye betri ya mAh 7,000 kinahitaji kama Wh 27, kwa hiyo utakijaza karibu mara mbili. Laptopu yenye betri ya Wh 45 utaijaza mara moja, na hapo ni kama inachaji kwa USB-C na pawabenki inatoa wati 45 au zaidi. Laptopu za mtumba zenye tundu la duara kwa kawaida zinataka kama volti 19 hadi 20, pawabenki ya kawaida ya volti 5 haiwezi kuziamsha. Mwenye sola ya volti 12 visiwani asipitishe kila kitu kwenye inveta. Chaja ya gari ya USB-C ya wati 65, ikiwa na fyuzi na nyaya nene, inachaji laptopu moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa betri na kukuepusha na hasara ya kugeuza umeme mara mbili.

Kioo kikianza kujibonyeza chenyewe wakati wa kuchaji, usikimbilie kwa fundi wa vioo. Chomoa chaja. Kikitulia, kosa ni la chaja au inveta yenye umeme mchafu. Umeme ukikatika, chomoa vyote na usubiri dakika chache baada ya kurudi, kwa sababu ule unaorudi ndio unaounguza chaja. Jioni za ufukweni, wadudu wadogo wa ziwani wanapofuata taa, usiiache laptopu ikinguruma chini ya balbu. Feni inawavuta ndani, wanagandamana na vumbi, na joto linapanda.

Kuhusu bando: laptopu inaiona hotspoti yako kama Wi-Fi isiyo na kikomo. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo katika Windows, washa "Metered connection" ili Windows ijue bando lina kikomo, kisha simamisha usawazishaji wa OneDrive. Kwenye kishikwambi, zima upandishaji wa picha mtandaoni unaojiendesha wenyewe hadi utakapopata Wi-Fi ya kweli. Google inakupa GB 15 za hifadhi ya mtandaoni bure, OneDrive 5, na video za harusi humaliza zote hizo haraka.

Ukienda dukani, kwenye laptopu ya mtumba fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti; humo linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa chini ya nusu, dai punguzo la bei ya betri mpya. Betri iliyokufa kabisa ni hatari zaidi ya usumbufu, kwa sababu umeme ukikatika mashine inazima katikati ya kuandika na faili linaharibika. Chukua yenye SSD (hifadhi ya kasi) na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8. Yenye RAM ya GB 4 itakuchosha. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hakikisha mashine inakubali Windows 11. Kwa laptopu zenye prosesa ya Intel, hiyo kwa kawaida ina maana ya kizazi cha 8 kwenda juu.

Kwenye kishikwambi usiamini maandishi ya boksi. Boksi linaweza kuandikwa RAM GB 12 na hifadhi GB 512 kwa bei ya viatu. Nakili faili kubwa ndani yake, lifungue uone kama limekaa zima, kisha angalia toleo la Android. Kikiwa cha laini, bonyeza *#06# na utume IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) kwenda 15090, namba ya kuhakiki vifaa, kabla ya kulipa.

Na fedha zikitosha kifaa kimoja tu? Anayeandika ripoti, anayepiga hesabu za duka au anayesoma chuo anunue laptopu, na simu yake ifanye kazi ya kukusanya. Kishikwambi peke yake kinamfaa anayesoma, anayefundisha kwa kuonyesha, au anayejaza fomu ambazo mtu mwingine atazimalizia ofisini.