Mwenye haraka nilikuwa mimi

Ukifika kwetu Chake Chake msimu wa karafuu, utatukuta sote uani tunachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Karafuu huanikwa. Makonyo mume wangu huyachemsha kwenye sufuria alilolitoboa kifuniko na kupachika bomba la shaba linalopita ndani ya ndoo ya maji baridi. Mwisho wa bomba ameweka chupa ya jemu. Mafuta yanayodondoka hayaelei kama ya nazi: yanazama, yanatulia chini ya maji kama asali. Hapo humwita binti yetu amweleze kwamba yujenoli, kiini cha mafuta hayo, peke yake huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 250, lakini ikifuatana na mvuke hutoka kabla hata ya 100.

Ni mwalimu wa kemia, na hataki kuwa zaidi ya hapo. Alipata nafasi ya kusoma shahada ya pili, akaiacha. Akaombwa awe msaidizi wa mwalimu mkuu, akashukuru, akakataa. Nilimsema miaka minne. "Wenzio wanapanda, wewe umekaa na chupa." Hakunijibu hata siku moja. Ila msimu mmoja nililikuta sufuria stoo, bomba limeota kutu ya kijani, na hapo nikaogopa kweli.

Dada yangu, kama uko nilipokuwa, chukua daftari kabla hujafungua mdomo. Andika nyumba inataka nini hasa. Mimi niliandika chakula, ada na mabati ya jiko. Mshahara wake ulitosha viwili vya mwanzo, na mabati tuliyapata kwa sabuni zangu za mwani. Kilichobaki kilikuwa changu peke yangu: nilitaka niitwe mke wa mkuu wa skuli. Nikamwambia hivyo hivyo, nikamtaka radhi.

Simsemei mume asiyeleta chakula. Hilo ni jengine, na lina wazee wake wa kulisikiliza.

Hizo sabuni ndiye anayenipimia. Soda kali, yaani kostiki, hutiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, yatakurukia usoni. Kilo ya mafuta ya nazi hugeuka sabuni yote kwa gramu 183 hivi za kostiki, basi yeye hupunguza kidogo ili sabuni isichome ngozi. Anapima mara mbili, kimya, mizani ikiwa juu ya meza ya chakula.

Msimu huu nimemnunulia bomba jipya, mita mbili.