Ukambi kwenye benchi la kliniki, na chupa ya dozi kumi

Swali: Mimi ni muuguzi katika kliniki ndogo ya kibinafsi huku Manyatta, Kisumu. Jana asubuhi mama alileta mtoto wa miaka miwili mwenye homa, kikohozi, macho mekundu na vipele vilivyoanzia usoni. Alikaa kwenye benchi karibu saa nzima pamoja na watoto wengine, mmoja wao wa miezi saba. Nifanye nini? Tena, chupa ya chanjo ina dozi kumi. Nikiifungua kwa mtoto mmoja, si nitakuwa nimemwaga tisa?

Jibu: Dada, saa zinakukimbia. Chanjo ya ukambi (surua) ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtu akutane na mgonjwa, huweza kuuzuia ugonjwa au kuupunguza makali. Umebakiwa na siku mbili hivi. Chukua rejista ya jana, uandike kila aliyeingia mtoto huyo akiwepo, na hata walioingia saa mbili baada yake kuondoka, kwa maana kirusi hiki hubaki hewani muda wote huo. Wapigie simu waje na vijitabu vya kliniki.

Wa miezi saba anaweza kuchanjwa. Kwa kawaida tunaanza miezi tisa, lakini kukiwa na mlipuko au mtoto akikutana na mgonjwa, tunaanza miezi sita, kama tunavyofanya kwa watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya Ukimwi. Iandike kuwa dozi sifuri. Haihesabiwi: lazima arudi akiwa na miezi tisa, kisha 18. Hapo kwenye 18 ndipo tunapowapoteza wengi, maana mama akimaliza ya tisa hudhani kliniki imekwisha. Walio chini ya miezi sita na wajawazito hawapewi chanjo hii. Kati yao, waliokutana na mgonjwa wapeleke hospitali ya rufaa wakaangaliwe. Wote wachunguzwe kwa wiki tatu.

Mgonjwa mwenyewe mpe vitamini A leo na kesho, vitengo 200,000 kila siku, ile kapsuli nyekundu. Wa miezi 6 hadi 11 angepewa ya buluu, 100,000. Tazama macho yake, kupumua kwake, na kama ananyonya au kunywa. Nimonia ndiyo inayowaua wengi. Akae nyumbani hadi siku nne zipite tangu vipele vianze. Kisha mpigie afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo ili damu ichukuliwe. Usingoje majibu ya maabara ndipo uripoti.

Kuanzia leo, mwenye homa na vipele asiketi na wenzake. Kama hamna chumba cha pembeni, aonwe nje chini ya mti.

Sasa chupa. Ifungue. Ifungue hata kwa mtoto mmoja. Ni kweli kwamba ikishachanganywa na maji yake hudumu saa sita tu kwenye baridi, kisha hutupwa, na najua bohari watakuuliza kuhusu zilizomwagika. Wajibu kwa rejista. Miaka ya nyuma nilimwambia mama mmoja arudi Alhamisi, watoto wakifika kumi. Alikuwa ametumia nauli ya boda aliyokopa. Hakurudi, na miezi michache baadaye nilimwona wodini, mtoto akipumua kwa oksijeni. Tangu siku hiyo sijawahi kumrudisha mtu kwa sababu ya chupa.

Unaweza kupanga siku za chanjo, na wahudumu wa afya ya jamii wakakusanya watoto siku hiyo. Hilo hupunguza hasara. Lakini aliyekwisha kufika mlangoni achanjwe, hata akiwa na mafua au homa ndogo. Na leo hutaifungua kwa mmoja: kwenye hiyo rejista utapata watatu au wanne ambao dozi zao zilipita. Waite wote waje wakati mmoja, ila yule wa miezi saba umpigie kwanza.